Mashua Iliyotikiswa Nchi Kavu

Fundi redio wa mtaani kwetu Morogoro, ndugu zangu, alikuwa haamini waya mpaka auvute. Akishalehemu kiungo, hukipuliza kama uji wa mtoto, hukipaka grisi, kisha hukivuta mara tatu huku amefumba macho. Mwaka sabini na nne aliletewa mashua ya zahanati ya kijiji cha ujamaa kilicho ng'ambo ya mto Kilombero, aifungie taa na redio ya kumwitia daktari. Masika yalikuwa yameanza, na wajawazito wa huko hawakuwa na njia nyingine ya kuvuka. Alipomaliza, akatuita majirani tuitikise mashua pale uani, yeye macho kwenye taa. Mwaisha, muuza ndizi, akacheka: "Fundi, leo tunavua samaki wa vumbini!"

Taa ikawaka. Nahodha, Mzee Mikidadi, akapiga makofi. "Tupakie, lori linangoja!"

"Imekonyeza," fundi akasema.

"Nani kaona?"

"Mimi, mzee wangu. Ikikonyeza hapa uani, katikati ya mto itazimika."

Akakata viungo vyote kumi na vinne, hata vile vizima, akaanza upya, na honi ya lori haikuiharakisha mikono yake. Jioni akaimwagia mashua ndoo nzima ya maji, akatuita tena. Safari hii nahodha hakubisha. Alivua viatu, akapanda, akajilaza pale pa kulaza wagonjwa, akaikazia taa macho.

"Haya," akasema, "nitikiseni."