Vipande Vinne vya Lenzi

Msomaji, fundi kamera wa Gare amefariki. Habari zilinifikia Jumanne asubuhi, na kabla hata ya kumwombea nilijiuliza kamera yangu iko wapi. Sioni fahari kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kamera ilikuwa ya marehemu baba, ya zamani, ile ambayo unalinganisha picha mbili kwenye kitundu cha kuchungulia mpaka ziwe moja. Tuliitunza kama tunavyotunza vitu vya thamani huku milimani: ndani ya mfuko wake wa ngozi, sandukuni, chini ya mablanketi. Fundi alipoifungua alicheka. "Mmeilaza na unyevu, kisha mkaifunika isipate baridi?" Ngozi ilikuwa imeota kuvu, na kuvu ikatambaa hadi kwenye lenzi. Akanieleza kwamba kamera nyingi ndogo za mfukoni zina vioo vitatu tu. Yangu ina sita, vingine vimegandishwa viwili viwili, hivyo mkononi unashika vipande vinne. Akavipanga kwenye taulo: kila kipande kina nafasi yake, na kina upande wake wa mbele. "Andika," akasema. Nikamjibu nitaandika wiki ijayo. "Mwandishi, kila wiki unajaza gazeti, mistari minne inakushinda?"

Nilipofika msibani, chumba chake cha kazi kilikuwa kimeondolewa kila kitu na kutandikwa mikeka, kama ilivyo desturi. Nilimwamkia mjane shikamoo, nikampa pole, kisha nikashindwa kujizuia: nikauliza vilipo vioo vilivyokuwa vimepangwa kwenye taulo. "Vile vigae? Nimevitia kwenye kopo, baba, watoto wasijikate." Alifanya vyema. Nani angemwambia kwamba ule mpangilio ndio uliokuwa kazi yenyewe?

Nilirudi nyumbani na kopo na kamera, na nimejaribu kuvirudisha mara nyingi kiasi cha kujichukia. Nikiweka karatasi nyepesi nyuma ya lenzi ili picha iangukie hapo, mgomba wa nje unaonekana una ukungu, kama umelowa. Mafundi wa Lushoto mjini wanatengeneza simu. Mmoja aliniambia, kwa upole, nipige picha kwa simu.

Makaburini tulisema marehemu ameondoka na ujuzi wake, nami nikaitikia. Ulikuwa uongo. Ukikaa na fundi anayekufundisha bila kumwomba, andika hapo hapo, hata kama chai inapoa. Huyu alitaka kuuacha ujuzi wake, na aliyekuwa ameketi mbele yake, kalamu mfukoni, ni mimi.