Bwana Kona na Mke wa Mchoraji

Fundi fremu huyu watu walimwita Bwana Kona, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakuna nyumba aliyoingia asinyooshe picha iliyokaa upande ukutani. Aliwahi kufanya hivyo hata chumbani kwa daktari, kipimajoto kikiwa kwapani. Ukimwambia atulie, atakujibu kwamba kona ikienda upande na moyo wake unakwenda upande. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Unamwacha.

Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yao: misumeno, gundi, vioo vilivyoegemezwa ukutani, na vumbi la mbao ambalo mkewe alilikuta hadi kwenye chumvi. Humo ndimo mapenzi yake ya picha yalimoanzia. Wateja walimletea nakala za picha zilizochorwa baina ya vita kuu mbili za dunia azitie fremu, naye akazitazama hadi akazizoea kama majirani: wanawake wa nywele fupi, mikahawa yenye moshi, farasi wa kijani. Akatafuta vitabu. Akasoma habari za wachoraji waliopanga vyumba vya juu vyenye baridi, wakitafuna mkate mkavu huku wakimsubiri tajiri mwenye koti la manyoya apande ngazi. Siku moja akaketi akaanza kuandika riwaya ya watu hao, na tangu hapo nyumba nzima haikuwa na mazungumzo mengine.

Miaka ikapita, riwaya ikaisha, akaipeleka kwa mchapishaji. Jibu lililetwa na mhariri mwenyewe, mwanamke kijana mwenye adabu, aliyekuja akaketi kwenye stuli katikati ya vumbi bila kujali sketi yake.

"Mzee wangu, kitabu nimekipenda," alisema. "Jiji limo, baridi imo, wale madalali wa picha wamenivunja mbavu. Tatizo ni mke wa mchoraji. Analeta chai, anatoka. Ukifungua sura nyingine, analeta chai, anatoka. Na huyu ndiye aliyekaa akachorwa ile picha iliyompa mumewe jina! Mtie uhai, mzee, tukichapishe. Akibaki hivi, hakitapita."

Bwana Kona alimshukuru, akamsindikiza mlangoni. Kukishika kitabu hicho mkononi, kimejalidiwa, ndiyo ndoto pekee iliyokuwa imembakia, na sasa ilikuwa inaning'inia kwa uzi wa mwanamke mmoja wa kubuni. Akarudi mezani. Akamvisha mke wa mchoraji gauni la kijani. Akampa kikohozi. Akabadilisha chai ikawa kahawa. Wapi! Bibi akaleta kahawa, akakohoa, akatoka.

Maji yalipozidi unga, alipanda juu kwa mkewe, fundi cherehani, akamkabidhi karatasi zote. Hakuwahi kumsomea hata ukurasa, maana kicheko cha mama huyo alikiogopa kuliko wahariri wote duniani. Mkewe akasoma akikunja mapazia ya mteja, na hakucheka.

"Baba, hii fremu ya mwaloni nimeiona kabisa," alisema mwishoni. "Na hii ya dhahabu yenye maua kwenye kona, nimeiona. Picha yenyewe iko wapi?"

"Picha gani?"

"Ya huyu mama. Nimesoma ukurasa mzima wa fremu yake, na mpaka sasa sijui ana pua ya namna gani."

Bwana Kona alizinyakua karatasi akazipekua. Lo! Kila picha aliyoielezea kitabuni ilikuwa na mbao yake, misumari yake na rangi ya dhahabu yake, na ndani hamna mtu. Nyani haoni kundule. Alijicheka mpaka akashika mbavu, kisha akavuta kiti karibu na dirisha.

"Mama, kaa hapa kama yule wa kitabuni. Nitakutazama niandike."

Mkewe akakaa. Bwana Kona akaandika: mwanamke aliketi dirishani. Akafikiri. Akaendelea, na kalamu ikashika kasi, hata mkewe akashikwa na shauku, akanyoosha shingo kuchungulia.

"Unaandika mbao za dirisha!" alipiga kelele. "Ondoka hapo. Kaa wewe!"

Akamsukumia kitini, akachukua chaki yake ya kushonea na karatasi ya kukatia nguo, akaanza kumchora. Bwana Kona aliwashwa pua. Aliona haya ya masikio yake. Kila alipotaka kujinyoosha aliambiwa tulia. Hakuwa na la kufanya ila kumtazama anayemtazama, na hapo ndipo akili ilipomfunguka: yule mama wa kitabuni naye alikuwa anatazama! Siku zote zile kitini, alikuwa akimsoma mumewe.

"Angekuwa anawaza nini?" aliuliza.

"Kwanza miguu imemfa ganzi," alijibu mkewe, chaki ikikwaruza. "Halafu mume ana rangi kwenye ndevu, na hamwambii, kwa sababu anampenda hivyo hivyo. Na anajua kabla yake kwamba picha imefaulu, maana mkono wa bwana umeacha kutetemeka."

Bwana Kona alijifuta macho kwa mkono wenye gundi. Mchoro wenyewe ulimtoa sikio moja kubwa na mdomo wazi, na alipolalamikia mdomo aliambiwa kwamba tangu waoane akiwaza huuachia hivyo. Akashuka karakanani na furaha ya mtoto, akaandika upya kitabu kizima, safari hii kwa macho ya mwanamke aliyekaa kitini.

Mhariri alipiga simu asubuhi moja baada ya kukisoma tena, sauti imempanda. "Mzee, kimepita! Kinakwenda mtamboni. Lakini niambie, huyu mama umemtoa wapi?"

Bwana Kona alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mkewe. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba, ncha ya ulimi imetoka pembeni mwa midomo.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema fundi fremu. "Ndiyo kwanza namwona."