Kiwanda Kimeuzwa, na Bega Je?

Kiwandani walimwita Mdadisi, maana hakuna jambo lililompita bila kuliuliza. Alikuwa mshonaji wa magodoro, mama wa watoto wawili, mcheshi kupindukia. Siku moja mnyororo wa kuinulia sponji uliteleza, robota zima likamwangukia begani. Mwenye kiwanda wa wakati ule, mzee waliyemwita Bosi Mkubwa, aligharamia matibabu na kumpa kazi ya kukaa. Lakini bega halikupona sawasawa. Mkono ulifika usawa wa sikio ukagoma, na vidole viwili vikabaki na ganzi.

Kisha kiwanda kikauzwa. Mdadisi alipokwenda kuomba ruhusa ya kliniki kama kawaida, meneja mpya alitikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Sisi tumenunua kiwanda. Hatukununua bega lako."

Alirudi nyumbani ameudhika, lakini swali lilimkaa kichwani: hivi kiwanda kikiuzwa, kinauzwa nini hasa?

"Wewe nawe!" mumewe alicheka, huku akimkanda bega kwa maji ya moto. "Si kuta na mashine?"

"Na watu je? Mbona mlinzi yuko palepale?"

Kesho yake akamuuliza mlinzi. Kumbe ajira yake haikuanza upya. Hata likizo aliyokuwa akidai zamani alipewa na wenye kiwanda wapya. Mpishi wa kantini naye vilevile. Hapo Mdadisi akazidi kuwashwa. Akafunga safari hadi kwa Bosi Mkubwa, akamkuta kavaa kaptula, anazoa mbolea ya kuku.

"Shikamoo, Bosi. Ulipouza kiwanda, uliwaambia habari zangu?"

"Marahaba, mwanangu. Majeruhi wote niliwataja. Tena wakaniteremshia bei kwa sababu hiyo hiyo."

"Utakuja kuyasema hayo ofisi ya kazi?"

Mzee akaegemea koleo. "Mimi nimestaafu. Sitaki tena mambo ya watu."

Mkewe akachungulia dirishani. "Mbona kupokea hela hukustaafu? Nenda ukaseme, baba!"

Akaenda, amenuna njia nzima. Mbele ya afisa wa kazi, na meneja aliyeitwa kujibu malalamiko ya Mdadisi, alirudia maneno yaleyale. Meneja akamgeukia mwanasheria wa kampuni. Mwanasheria akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza.

"Mimi sikuambiwa hili," meneja alisema taratibu, na uso wake ulionyesha hasemi uongo.

Afisa akaamua kampuni ibebe matibabu na fidia ya ulemavu.

Kliniki ikaendelea. Bega lilipata nafuu, ila daktari alimweleza wazi kwamba vidole havitarudi kama zamani. Mdadisi alitoka nje, akalia kwenye korido mpaka kanga ikalowa. Alipomaliza akajifuta, akagonga tena mlango.

"Samahani, daktari. Kilichoumia ni bega. Mbona ganzi iko vidoleni, tena hivi viwili tu?"

Daktari akamvutia kiti, akachukua kalamu, akaanza kumchorea mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, ukapita begani hadi vidoleni.