Kipande Kisicho na Namba

Bastola ya babu ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha baba, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Haiui tena hata panya. Zamani baba aliipeleka polisi Same mjini, ikarudi mtutu umezibwa kwa chuma, pamoja na karatasi yenye mhuri ambayo baba aliitunza kuliko cheti chake cha ndoa. Baada ya Krismasi iliyopita akanikabidhi mimi, binti yake seremala, niing'arishe.

Haikuwa kwa ajili ya uzuri. Baba alikuwa na hadithi aliyotusimulia tangu tukiwa wadogo. Babu alichukuliwa kubeba mizigo ya askari wa Mjerumani, akarudi na bastola iliyovunjika mtambo, yaani kile kipande cha nyuma kinachovutwa kwa kidole gumba kabla ya kufyatua. Akatembea nayo kutoka huku kwetu kusini mpaka Ngujini, Ugweno, upande wa kaskazini wa milima yetu, kwa mhunzi mmoja. Mhunzi akamfulia mtambo mpya kwa chuma chetu wenyewe, kile kilichoyeyushwa kutoka mchanga mweusi wa mitoni. Sisi watoto tuliicheka hadithi hiyo, na mimi nilicheka kuliko wote.

Krismasi hiyo, tulipopanda wote nyumbani mlimani, kaka yangu mkubwa alimwambia mbele ya wajukuu, "Baba, hadithi hiyo sasa tuiache. Kitu cha Mzungu kifuliwe Ugweno?" Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku, nami nilisubiri baba afungue kesi pale pale. Hakufungua. Aliweka chini bakuli lake la makande, akaenda kulala. Asubuhi nilipokuwa nafunga mizigo alinijia na lile furushi la kanga.

"Isafishe, mwanangu. Pasaka kaka yako akija, aishike mwenyewe aangalie."

Nikaona mzee amebakiwa na shahidi mmoja tu, na huyo shahidi amejaa kutu.

Karakana yangu iko Same mjini, ambako upepo hauna adabu na vumbi linaingia hata kwenye chai. Nilianza na mbao za mpini. Nilizipitisha msasa laini, nikazisugua kwa nta ya nyuki mpaka zikarudisha rangi yake ya kahawia. Vanishi sikugusa. Mtu anayepaka vanishi mti wa zamani nataka nimchape. Vyuma nikavilaza siku mbili ndani ya mafuta ya taa, skrubu zikalegea, nikafungua kila kitu na kukipanga juu ya gazeti.

Ule mtambo ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kutu imekula, nikajisemea. Nikaubana kwenye jiliwa, nikaupiga tupa upande mmoja mpaka ukawa laini kama kijiko, na nikajipongeza.

Kisha nikaanza kusugua vipande vingine kwa mswaki wa zamani. Chini ya uchafu wa kwanza ikatokea namba, imegongwa kwenye chuma. Kwenye kipande cha pili, namba ile ile. Cha tatu, ile ile. Hata vichwa vya skrubu vilikuwa nayo. Waliounda bastola huko Ujerumani walikuwa wamekipa kila kipande namba ile ile moja, kama ndugu wa ukoo mmoja. Nikauchukua mtambo, nikaugeuza. Haukuwa na namba.

Huenda namba ilikuwa upande ule nilioula kwa tupa! Nilijitukana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikautoa nje juani, nikautazama upande wa pili, ule ambao bado sikuuharibu.

Vile vishimo vilikuwa vimepangwa. Vilifuatana, kila kimoja kikipanda kidogo juu ya mwenzake, kutoka chini mpaka ncha. Kutu haiendi kwa mstari. Zilikuwa alama za nyundo. Na kwenye mgongo wa kile kipande palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pale chuma kilipokunjwa na kuunganishwa motoni.

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi. Mtu ambaye hajawahi kuona kitu kile aliletewa vipande viwili vya mtambo uliovunjika, akavitazama, akavukuta moto wake, akafua cha tatu kilichokaa mahali pake sawasawa. Sijui alipima kwa kitu gani. Labda kwa ukucha. Nikairudishia bastola vipande vyake, nikavuta mtambo kwa kidole gumba. Ukalia, ukasimama imara, bila kucheza hata kidogo. Mimi ni fundi wa miaka ishirini na tano na sijawahi kutengeneza kitu cha namna hiyo. Kwetu watu waliapa kwa nyundo ya mhunzi na kuiogopa laana yake, nami nilikuwa nimefuta nusu ya nyundo hiyo kwa tupa ya dukani.

Sikusubiri Pasaka. Jumamosi nilipanda mlimani, nikamkuta baba barazani, ukungu umefika mpaka kwenye migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo nilikishika kidole gumba chake nikakiweka kwenye zile alama. "Hapa ni nyundo, baba. Upande wa pili nimeuharibu mimi, nilidhani ni kutu. Nisamehe. Unisamehe na kucheka kwangu kote."

Alizipapasa moja moja, polepole. "Vingine vina namba?"

"Vyote vina namba. Hiki pekee hakina."

"Una hakika?"

"Baba, kutu haiwezi kufanya hivi. Hiki kimefuliwa kwa mkono."

"Babu yako alipenda kutia chumvi," akasema. "Mengi aliyotusimulia tulikuja kugundua si kweli. Hata hili sikuwa na hakika nalo. Nililisema tu kwa sababu alikuwa baba yangu."

Kisha akaikumbatia ile bastola kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka bila kuyaficha. "Kumbe hili alisema kweli," akasema. "Kumbe baba alisema kweli."