Samaki Aliyemeza Uzito wa Kilo

Nilichonga samaki wa mbao wa kuwadanganya kambare wa mto Athi, lakini alielea kama jani. Alihitaji uzito tumboni. Dukani kwangu Ikutha, chini ya jiwe la kilo la mizani, kulikuwa na kipande cha madini ya risasi kilichozibwa humo kutimiza uzito. Nikakichokoa, nikamshindilia nacho. Akazama vizuri sana. Hakuna kambare aliyedanganyika. Mimi nikaendelea kupima sukari.

Juzi akaja afisa wa vipimo. Akaweka jiwe langu upande mmoja, lake upande wa pili. Langu likapanda juu.

“Mzee, kilo yako imekonda.”

Wateja wakasogea. Nikamtoa samaki mfukoni, nikamlaza kando ya jiwe langu. Mizani ikasimama sawa.

“Kumbe,” akasema Mama Mwende, jirani yangu kanisani, “sukari yetu ulikuwa unamlisha samaki.”