Siku Nilipokausha Kisima Changu

Naikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku niliyokaa ukingoni mwa kisima changu hapa Newala, nikachota maji ndoo baada ya ndoo na kuyamwaga mchangani. Kilikuwa kiangazi. Wewe umezaliwa huku juu, unajua maana yake. Maji yetu ni ya mvua, tunayakinga kwenye bati na kuyafungia kisimani, na yakiisha ni kuteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mimi niliyamwaga kwa mkono wangu mwenyewe, na hasira ya siku ile haijanitoka.

Nilikuwa nimemzika binti yangu Somoe kwa homa ya siku nne. Arobaini yake haijafika, mume wangu akaanguka kwenye mikorosho, upande mmoja wa mwili ukafa. Wakaja wenzangu watatu niliotoka nao unyago. Nilifurahi, nikajua wamekuja kulia na mimi. Wapi! Walikunywa uji wangu, kisha wakaanza kunichambua kama mchele. Nimemkosea nani? Namficha Mungu kitu gani? Mwisho mkubwa wao, Mama Saidi, akasema, "Mkosi uko kwenye maji. Kausha kisima, Mungu atakurudia."

Nikakausha. Siku mbili nzima, mume wangu ananitazama toka kitandani na hawezi kusema neno. Siku ya tatu nikaenda kwa Mama Saidi kuomba ndoo moja tu ya kumwogeshea mgonjwa. Kisima chake kilikuwa na kufuli.

"Ndoo yako isiguse kwangu," akasema, "usije ukaniletea mkosi wako."

Huyo ndiye aliyenituma nimwage maji, mwanangu.

Hapo nikaacha kuswali. Nilijiambia Mungu amenikataa, basi nami namkataa. Watu wakiuliza, nasema sina maji ya kutawadha. Lilikuwa jibu zuri, hakuna aliyenibishia, isipokuwa mama mkwe wangu. Siku moja alipanda kutoka bondeni na ndoo yake, mzee mwenye magoti mabovu, akaitua mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Somoe. Umeswali?"

Wale watatu walikuwa wameacha kuniita jina hilo tangu mazishi. Nikamwambia sina maji.

"Haya ni ya mgonjwa," akasema. Akainama, akachota mchanga kiganjani, akaumwaga mbele ya miguu yangu. "Na huu nao umekwisha Newala?"

Nikaangua kilio. Nikamwambia nina hasira na Mungu.

"Kamwambie mwenyewe, basi. Usiende kumwambia Mama Saidi."

Nikapiga viganja mchangani, nikapaka uso na mikono kama dini inavyomruhusu asiye na maji, nikasimama kuswali. Dua niliyoomba baadaye haikuwa na adabu nyingi. Nilimuuliza kwa nini Somoe. Sikupata jibu. Mume wangu alifariki kabla ya mvua, na sitakudanganya kwamba nililipwa chochote. Lakini kila siku nilirudi palepale na hasira yangu, na sikufukuzwa.

Sasa nasikia mwanao amelazwa Masasi, na marafiki zako wanakukalia kikao kwenye simu kutafuta dhambi yako. Nimekasirika upya. Wakatalie, mwanangu. Anayekuja na ndoo mfungulie mlango, anayekuja na maswali mwache nje, hata kama mmetoka unyago pamoja. Mkasirikie Mungu ikibidi, umwambie yote, ila usiondoke mbele yake. Na siku mwenzako atakapofikwa, funga mdomo wako ukamtekee maji.

Mungu amnyanyue mwanao kitandani, uendelee kuitwa kwa jina lake mpaka uzeeke. Akupe kisima kisichokauka. Na kikikauka, mwanangu, mchanga upo.