Kompyuta ya Merv na Kura ya Ukumbini

Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, kwa miaka ishirini na miwili, Merv Tranter aliingia ukumbi wa kijiji cha Karrawinga amekumbatia kompyuta yake kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Aliiunda mwenyewe. Ilikuwa nzito kama kondoo, na mgongo wake ulijua hivyo. Zamani walikuja watu arobaini, kila mmoja na mashine yake, wakaunganisha nyaya na kucheza kutwa. Mwaka huu walikuja wanane, na jioni wangepiga kura: waendelee kukutana, au kila mtu achezee kwake kwa intaneti.

Colleen Pruitt, mwalimu mstaafu, alileta laptopu nyembamba kama sahani.

“Gemu liko wapi humo?” Merv akauliza.

“Halimo. Linaendeshwa kwenye mitambo ya kampuni huko Sydney. Mimi naletewa picha kwa intaneti.”

“Kwa hiyo hata gemu si lako.”

“Na wewe umebeba friji, mzee mwenzangu.”

“Mimi nimechomeka kisanduku changu cha gemu kwenye TV, basi,” akasema Nev Kowalski. “Nyie gombaneni.”

Merv, ambaye mdomo wake haukuwahi kuisubiri akili, akatangaza, “Tushindane mbio za magari. Nikishinda, ukumbi unabaki.”

“Nikishinda mimi?”

“Tutajifungia majumbani kama kuku wagonjwa.”

Mzunguko wa mwisho, Merv alikuwa mbele sana. Nyaya za umeme za ukumbi ni za kale, na sheria aliiandika yeye mwenyewe kwa wino mwekundu: mashine zikiwaka, oveni ya pai isiguswe. Lakini alishaona ushindi. Akanyoosha mkono nyuma, akaiwasha, ili wampongeze na pai za moto.

Tap! Umeme ukakatika, skrini zikazimika, pamoja na TV ya Nev.

“Nani kagusa oveni?” Nev akafoka.

Mkono wa Merv ulikuwa bado kwenye swichi.

Colleen, kwa betri yake na intaneti ya simu, akamaliza mbio polepole kama anayekwenda dukani. Kura ikawa saba kwa moja: kila mtu achezee kwake.

Jumamosi iliyofuata Merv alikaa jikoni kwake, amevaa spika za masikioni.

“Merv, uko hapo?” sauti ya Colleen ikauliza.

“Nipo.”

Hakusema kwamba amechana nywele, amevaa shati lililopigwa pasi, na ameoka mikate ya soseji ya kuwatosha watu wanane.

“Unatafuna nini?”

“Soseji. Zipo nyingi.”

“Za moto?” Nev akadakia.

“Zinapoa.”

Mbio zikaanza. Merv akawa wa mwisho, vidole vimejaa mafuta.